Fahali wa Mzee Masanja na Printa ya Chuo

Nianze na lile la kijinga kabisa, ili nyie mnaonijua msije mkadai nimelificha: nilimwandikia mzee wa watu kwa kompyuta kwamba fahali wake aliyepotea yuko Sitalike, nikaitoa karatasi kwenye printa, nikampa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, na huko Sitalike kwenyewe nilikuwa sijawahi kukanyaga.

Ilikuwa likizo ya Juni, mimi nikiwa kidato cha pili. Chuo kimoja cha ufundi pale mjini Mpanda kilikuwa kimepata kompyuta mbili na printa, zimekuja kwa treni kutoka Tabora zimeviringishwa mablanketi kama wagonjwa, na mama, aliyekuwa anauza samaki wa kukausha, migebuka, sokoni, akasikia kuna kozi ya likizo ya watoto wa sekondari, akaniandikisha kabla hajaniuliza. (Angeniuliza ningesema naenda kuchunga mbuzi wa mjomba, maana kwa mjomba kulikuwa na maziwa.)

Nyie mnaozijua kompyuta leo hamuelewi ile heshima. Vumbi la Mpanda mwezi wa sita mnalijua, basi mlangoni ulikuwa unavua viatu, unanawa mikono kwa sabuni kwenye beseni, unajifuta, ndipo unaingia kwa kunyata kama unaingia kanisani umechelewa. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa alivyovifuma mke wa mwalimu, vyenye maua kabisa, kama redio za nyumbani kwetu. Jenereta ikiunguruma nje, Mwalimu Benedikto anafunua kitambaa taratibu, kioo kinawaka, herufi za kijani zinatokea, na sisi tunashusha pumzi. Halafu anasema lile neno lake la kila siku, nasi tunaitikia kama katekisimu: "Hii haijui kitu. Inarudisha ulichoiwekea." Mimi ndiye niliyekuwa naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye niliyekuwa sisikilizi.

Sasa mama, kila mteja akija kununua samaki, anamwambia, "Deo wangu anasoma kompyuta." Mteja anauliza inafanya nini, mama hajui, kwa hiyo jioni moja akaniuliza mimi. Hapo ningeweza kusema inaandika barua. Nikasema, "Mama, inajua kila kitu. Unaiuliza, inajibu." Basi. Kuanzia kesho yake mama akawa anauza migebuka pamoja na hilo neno langu.

Mzee Masanja alikuwa mteja wake, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, akajenga nje kidogo ya mtaa wa Shanwe. Fahali wake mweusi mwenye doa jeupe usoni na sikio lililokatwa ncha alikuwa amepotea, mzee ametafuta mpaka miguu imevimba, kaenda hadi kwa mganga, mganga kachukua mbuzi na kumwambia atafute mashariki, na mashariki ni kubwa. Siku moja mwalimu ametoka kuongeza mafuta kwenye jenereta, nikaona kofia dirishani.

"Ng'wanawane," mzee akaniita, kwao ndiyo mwanangu, "mama yako anasema hicho kidude kinajua. Kiulize fahali wangu yuko wapi."

Ukweli ulikuwa mfupi tu, lakini kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa Restituta, tuliyekuwa naye kwenye kozi, na likizo nzima nilikuwa nimejitahidi Restituta acheke, hajacheka. Nikanyoosha vidole, nikauliza rangi na alama kwa sauti nzito ya mganga, nikaandika: FAHALI WA MZEE MASANJA YUKO SITALIKE. Nilichagua Sitalike kwa sababu ni mbali, tena ni pembeni mwa mbuga, nikajua mzee ataona uvivu, na akienda asipomkuta atasema simba wamemuwahi. Printa ikakereza kama cherehani yenye hasira, karatasi ikatoka na vitundu vyake pembeni. Restituta akacheka. Mzee akaikunja, akaiweka ndani ya kofia, akasema, "Hii walau haijaomba mbuzi."

Nikasahau. Mtu ukichekewa na Restituta unasahau mengi.

Siku ya kufunga kozi wazazi waliitwa waje kuona watoto walichojifunza. Mama alifunga meza yake sokoni, akavaa kitenge cha harusi ya dada yake, akakaa mstari wa mbele, soksi za kuazima miguuni kwa sababu ya ile sheria ya viatu. Mwalimu akanichagua mimi nioneshe. Nikaandika jina la mama, lote, na la ubatizo, likawaka kijani kwenye kioo, akinamama wa kwaya wakapiga vigelegele, na mama akainamisha kichwa akijifanya anatengeneza soksi.

Vigelegele vinaisha, mlangoni kuna watu watatu wanavua katambuga. Mzee Masanja, nyuma yake mtendaji wa kijiji kutoka Sitalike, na mtu mmoja mwembamba waliyemwita baba Ester.

Mtendaji akaeleza vizuri tu, kwa utaratibu. Mzee amekuja kijijini na karatasi ya chuo. Amemkuta fahali mweusi mwenye doa jeupe akivuta mkokoteni wa baba Ester. Baba Ester anasema amemlea tangu ndama. Basi fahali amefungwa kwenye ofisi ya kijiji mpaka chuo kithibitishe.

"Mimi mwenyewe sina uhakika," mzee Masanja akasema. "Sikio la huyu ni zima. Lakini karatasi imesema Sitalike, na Sitalike nimemkuta. Naomba iulizwe tena, mbele ya watu."

Mwalimu Benedikto akatabasamu (masikini, alidhani ni nafasi ya kufundisha). "Mzee wangu, hii haijui kitu. Inarudisha ulichoiwekea."

"Basi aliyeiwekea ni nani?" mtendaji akauliza.

Nikafikiria kukimbia, lakini malapa yangu yalikuwa chini kabisa ya lundo. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mwalimu, labda jenereta ilitetereka ikaandika yenyewe." Restituta akacheka tena, safari hii peke yake.

Baba Ester hakucheka wala hakukasirika. Akasema tu, kama anayeongea na sakafu, "Mahindi yangu bado yako shambani, mkokoteni umesimama. Viboko wanapanda kutoka mtoni kila giza likiingia. Mke wangu na watoto wanapiga madebe kuwafukuza. Mimi na mashine hatuna ugomvi, nataka ng'ombe wangu afunguliwe."

Mama akageuka. "Deo."

"Ni mimi, mama. Nilikuwa natania."

Jenereta ilikuwa inaunguruma nje na jina la mama lilikuwa bado linawaka pale kwenye kioo, zuri, halina kosa hata moja. Halafu kicheko kikaanzia viti vya nyuma, kikaja mbele kama maji. Mwalimu akaandika barua ya kumfungua fahali, akaiandika kwa kalamu. Na mama akasimama na soksi zake, akamwambia baba Ester, "Kaka, mchukue huyu. Umrudishe mahindi yakiisha."

Nikapanda nao lori la mbao. Likizo yote iliyobaki nilipakia mahindi ya baba Ester mgongo ukaisha, jioni napiga debe na watoto wake, na niwaambie, kiboko hana utani. Mzee Masanja naye alikuja kumwomba radhi baba Ester, wakala ugali sahani moja, akanipigapiga begani: "Mganga alinidanganya kwa mbuzi, wewe umenidanganya bure. Una nafuu."

Fahali wake hakuonekana tena. Mimi sasa nasoma Tabora, na treni ikipita porini nikaona ng'ombe mweusi, nachungulia sikio. Mpanda bado wananiita Sitalike. Zile kompyuta nasikia moja ilishakufa, kitambaa wamebaki nacho, lakini mimi nikinusa sabuni ya kunawia tu narudi pale mlangoni, miguu mitupu, nasubiri mwalimu afunue. Na tangu siku ile mtu akiniuliza kitu nisichokijua nasema sijui, hata kama Restituta yupo.

Niliporudi kutoka Sitalike, mama alinipa maji ya kuoga, akanipa ugali na mgebuka mkubwa kuliko wote mezani, akaningoja nimalize mpaka mwiba wa mwisho, ndipo akasema:

"Ile mashine mwalimu wenu anasema inarudisha ulichoiwekea. Wewe nilikuwekea ukweli tangu unanyonya. Sasa hayo ya ng'ombe umeyatoa wapi?"