Fidla Inayoitikiwa

Saa nne asubuhi, Mji Mkongwe, Zanzibar. Katika chumba cha ghorofani cha kikundi kimoja cha taarab, Nadhira Talal anabonyeza kidole kimoja kwenye kinanda cha umeme. Inatoka sauti nzito, kama ya chombo cha anga kinachotua. Anainua kidole. Kinanda kinanyamaza, lakini fidla iliyotundikwa ukutani inaendelea kuvuma peke yake.

Mimi niliyekuja kuandika habari zake nilirudi nyuma hatua moja, sina haja ya kuficha. Nadhira anacheka kidogo.

"Mimi nshazoea," anasema. "Wiki ya kwanza nlitoka mbio, viatu nkaviacha hapo mlangoni."

Nadhira, mwenye miaka 34, ni fundi wa vinanda na vipaza sauti vya harusi huko Ng'ambo. Miezi minne sasa anatunga muziki wa filamu ya vichekesho. Viumbe wa sayari nyingine wanatua mtaa wa Jang'ombe kuja kuiteka dunia, na hakuna anayewaogopa. Mama wa nyumba waliyoishukia anawatuma mkaa. Muziki unachanganya kinanda chake na ganuni ya nyuzi nyingi, fidla na ngoma za kikundi hiki. Anataka watazamaji wacheke huku wakigeuka kutazama nyuma.

Fidla ya ukutani haikuwamo kwenye mpango huo. Ni ya marehemu Sleiman, aliyekiongoza kikundi hadi alipofariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo haijaguswa. Nadhira ananieleza kwamba uzi hutetema wenyewe ukikutana na sauti inayolingana nao, na hilo halina muujiza. Kinachomkosesha raha ni kingine. Fidla isiyochezwa muda wote huo hulegea nyuzi. Hii haijalegea.

Wapigaji wa kikundi walipoisikia ikivuma waliweka vyombo chini. Anuar, mpiga ganuni, alimwambia wazi kuwa hawatamfanya marehemu kichekesho cha sinema, na hawatapiga tena mpaka mjane wake aridhie. Bila wao Nadhira hana muziki, na kazi ya miezi minne inakwenda na maji.

Ndiyo maana leo mjane huyo, Bi Khairiya, yupo hapa. Amekuja na kanga ya kuifungia fidla ya mumewe airudishe nyumbani. Nadhira anamwamkia, anamwekea kiti, anamwomba asikilize mara moja tu. Anuar amebaki mlangoni, viatu hajavua.

Nadhira anabonyeza, anaachia. Fidla inavuma.

"Naam," anaitika Bi Khairiya.

Anuar anamgeukia. Yeye mwenyewe ameshika mdomo, macho yamemjaa machozi.

"Kila siku kabla ya kuja mazoezini alikuwa akiniita kwa fidla hii, mimi niko jikoni," anasema baadaye. "Nkiitika, anakaza uzi mpaka ulingane na sauti yangu. Ndivyo alivyoiweka sawa fidla yake tangu anioe."

Nadhira aliihangaikia sauti ile mwezi mzima, akibonyeza huku na kule hadi akaipata. Hakujua kuwa ilikuwa na mwenyewe.

Bi Khairiya anauliza filamu inahusu nini. Anasimuliwa. Kwenye habari ya viumbe kutumwa mkaa anacheka mpaka kanga inamwanguka, na anasema Sleiman angewatangulia wote kucheka. Anaiokota kanga, anaikunja, anaitia kwapani. Fidla anaiacha ilipo. Anuar anavua viatu, anaingia, anaiweka ganuni yake mapajani.

Sasa Nadhira anajua filamu itaishaje. Chombo cha viumbe kitaondoka, picha itakuwa giza tupu, fidla itavuma, na sauti ya mwanamke itaitika. Bi Khairiya amekubali kurudi kurikodi, kwa sharti moja.

"Usinambie lini unabonyeza," alimwambia. "Nataka niitwe kweli."

Kinanda kikazimwa, waya ukachomolewa, tukaanza kushuka ngazi. Katikati ya ngazi Bi Khairiya akasimama, akageuka kule juu, akaitika tena. Mimi sikusikia kitu.