Sakafu ya Mama Mkwe

Fundi simwamini. Nilipokuwa nafundisha Kibondo, mmoja alinijengea karo la kufulia. Nikatoka shule nikakuta saruji yangu yote imekwisha, na karo lenyewe ukilikwaruza kwa ukucha linamong'onyoka. Tangu siku ile mtu akishika mwiko wa kujengea mbele yangu, macho yangu yako mikononi mwake.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, nikaoa huku huku. Mimi mtu wa Singida, mke wangu Muha wa Makere. Mwaka jana mama yake aliteleza akitoka kisimani, akavunjika nyonga. Alilazwa wiki nyingi, na siku anaruhusiwa daktari alitwambia neno moja la kushika: huyu akianguka tena, hatasimama. Tukaamua aje kwetu. Yeye akakataa mara tatu. Nikasema moyoni, mama huyu hanipendi. Mke wangu akasema anaona haya tu, atakuja.

Shida ilikuwa bafu. Sakafu ilikuwa laini na imeota ukijani, maji yanatuama mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu, na choo chenyewe cha kuchuchumaa. Fundi aliitwa, akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hapa ni kubomoa kote," akasema.

Nikajua huyu amekuja kunila. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kubomoa kote mwenyewe.

Ilikuwa likizo, na kazi ilinichukua wiki tatu. Nilishuku kila kitu. Mchanga niliuchekecha mara mbili, kwa sababu aliyeuleta alikuwa na haraka ya kuondoka. Muuza vigae pale mjini, mzee mmoja mstaarabu mwenye asili ya pwani, aliniapia kuwa vile vyenye mikwaruzo havitelezi hata vikilowa. Nikaomba maji na sabuni, nikavua viatu, nikasimama juu ya kimoja pale pale dukani, wateja wakinitazama. Sikuteleza. Nikajaribu kwa mguu wa pili.

"Na kichwa je, mwalimu?" yule mzee akaniuliza. Nikanunua.

Mteremko wa sakafu niliupima kwa pima maji ya kuazima. Kwa kuwa pima maji yenyewe sikuwa na hakika nayo, nikapima tena kwa gololi ya mwanangu. Nikaiachia mlangoni, ikabingirika yenyewe mpaka kwenye tundu. Nikafunga choo cha kukalia, na pembeni yake nikachimbia ukutani bomba la chuma la kushikilia. Viganja vilijaa malengelenge hata kukunja ngumi ikawa kazi, lakini nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi sana.

Mama akaja. "Mwakeye," akanisalimia, ameelekeza uso pembeni, kitenge kimemshuka mpaka usoni. Nami sikungoja hata apumzike, nikampeleka bafuni. Kiswahili anakisikia kidogo tu, kwa hiyo nikaona nimwonyeshe kwa vitendo. Nikakalia kile choo, na suruali yangu mwilini, nikashika bomba, nikainuka, nikakaa tena.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, "kama kimenibeba mimi, yeye hata uzito wake hakitausikia."

Mama alitazama chini, akageuka na fimbo yake, akaondoka polepole. Mke wangu akabaki anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Siku ya kwanza hakuoga mle, wala ya pili, wala ya tatu. Nilikuwa nikiingia kukagua, na maji niliyoyakuta ni yangu mwenyewe, ya mke wangu na ya watoto. Halafu nyuma ya jiko nikaona uzio wa mikeka na shuka kuukuu, ndani yake mawe matatu na ndoo. Kwenye udongo mwekundu, kutoka pale mpaka choo cha nje, kulikuwa na vishimo vya ncha ya fimbo. Kimoja kilikuwa kimeburuzika kwa urefu wa mkono. Nilikiangalia kile kwa muda, hasira na hofu vimenishika pamoja.

Jikoni walikuwa wanazungumza Kiha, mama na binti, kwa sauti ya chini. Nikitokea, kimya, kisha mke wangu ananiuliza kama nataka chai. Kiha changu, miaka yote hii, hakivuki salamu na kununua maharage. Nikaanza kujaziliza mwenyewe. Wanasema kazi yangu ni mbovu. Yule fundi amewapitia. Mama angetaka mkwe Muha, anayejua kujenga. Nikabandua kigae kimoja kutazama chini, saruji imeshika vizuri. Nikakirudisha, nikaleta gololi, ikabingirika kama kawaida. Sasa wanataka nini?

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha, nikasikia ndoo ikianguka nyuma ya jiko, na mke wangu akiita mama. Nikakimbia mpaka kwenye kona ya jiko, nikasimama, maana mama mkwe alikuwa anaoga, mbele yake sikuweza kupita. Nilisikia wote wawili wakihema. Mke wangu alikuwa amemdaka mama yake.

Alipokwisha kumlaza, nilimfuata mke wangu chumbani.

"Mama yako ananidharau," nikamwambia. "Sema tu."

Alikaa kitandani, nguo zake bado zimelowa. "Baba watoto, mama haogi anapooga mkwe wake. Hajawahi, wala hataanza uzeeni. Nilikuwa naanza kumbembeleza, wewe ukaenda ukakikalia kile choo mbele yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mkwe amechubuka mikono kwa ajili yangu, ukimwambia utamvunja moyo. Ndiyo hayo tunayosema jikoni. Mimi namwomba aingie, yeye ananiomba ninyamaze."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima. Nikaenda bafuni nikatoa mswaki wangu, wembe, taulo na kandambili. Nikapita navyo sebuleni alipokuwa amekaa, nikiwa nimegeuza uso kama anavyonigeuzia, nikasema kwa sauti ili mke wangu amfikishie: bafu lile si langu tena, mimi naoga nyuma ya jiko, na choo changu ni cha nje. Mke wangu akasugua sakafu yote kwa majivu na maji moto.

Siku mbili zilipita bila kitu. Ya tatu, asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya yale mawe matatu, baridi ya Kasulu imenikaba, sabuni machoni, nikasikia maji yakipita kwenye bomba linalotoka bafuni. Yakakatika kidogo, yakapita tena. Mke wangu alikuwa jikoni, namsikia anakoroga uji, na watoto walikuwa bado wamelala.

Sijaingia mle tena. Sijui kama kile kigae nilichobandua kimekaa vizuri, wala kama bomba la kushikilia limeanza kulegea. Kila wiki namwuliza mke wangu: maji yanatuama? Ananijibu hayatuami. Hakuna gololi ya kupima jibu hilo. Mimi niliyevua viatu dukani mbele za watu, sasa namwacha mama mkwe asimame juu ya neno la mke wangu tu, na nimelikubali.