Mama Aliyetaka Kushuka Ukingoni

Kazi yangu hapa Kalemie ni kusimama mbele ya basi, mikro ya kusemea mkononi, na kuwaeleza wageni wanachokiona dirishani: bandari, stesheni, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani na kushika njia ya magharibi. Watu hudhani kazi yenyewe ni kusema. Kumbe macho yangu hufanya kazi kuliko mdomo. Nani amesimama? Nani ametoa mkono nje? Mbona shofere amepunguza mwendo?

Msimu mmoja wa mvua, ziwa lilipanda likameza nyumba nyingi za pembeni. Wakati huohuo, familia moja iliyokimbilia Kigoma, ng'ambo ya ziwa, zamani za vita ilikodi basi letu ije kuutazama mji wao. Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi yao, mama mzee mwenye mtandio mweupe na tasbihi. Nilisema, nikasema, wala hakunigeukia. Uso wake ulikuwa kwenye kioo.

Tulipofika barabara inayopita kando ya ziwa, akainuka ghafla.

"Njo hapa! Shofere, simama! Njo kwetu hapa!" Alimaanisha kwamba hapo ndipo kwao.

Basi bado linatembea, naye mkono uko mlangoni. Nikaiacha mikro ikaning'inia, nikamkumbatia kiunoni.

"Mama, kaa kwanza. Basi halijasimama."

"Niachilie, mwanangu. Nimengoja mpaka nimezeeka."

Shofere alisimamisha basi, akachungulia nje, kisha akaniambia polepole, "Usifungue mulango. Chini iko mutupu."

Nikatazama. Mlango wetu ulielekea ziwani, na maji yalikuwa yamekula udongo chini ya barabara. Kilichobaki juu kilikuwa kama ukoko wa sufuria.

Mtoto wa kiume wa yule mama, mtu mzima mwenye mvi, akakasirika. "Basi tumelikodi sisi. Kama Mama anataka kushuka, ashuke."

Nikaivuta mikro iliyoning'inia na kusema kwa sauti ileile ya kuelezea bandari: "Ndugu zangu, hapa hatushuki. Tuhamie wote upande wa mlima, taratibu, tukae. Tutashuka mbali na maji, mahali pagumu."

Walihama wakinung'unika. Shofere akarudi nyuma, kidogo kidogo. Hatujafika mbali, kipande cha ukingo kikajitenga na kuanguka majini, palepale mlango wetu ulipokuwa. Yule mwenye mvi alinitazama, akainamisha kichwa.

Tuliposhuka kwenye udongo mgumu, nilimshika mama mkono. Kule alikooneshea kidole kulikuwa na maji matupu, na ncha ya mti mmoja. Nina maneno yangu ya mahali pale, juu ya kina cha ziwa na samaki wake. Niliyaweka kando. Nilisimama naye tu, mpaka midomo yake ilipomaliza dua.

Tuliporudi ndani, akaniambia, "Nipe hicho chako cha kusemea."

Nilimfunga mkanda kwanza, ndipo nikampa. Akaanza bila kujua kwamba sauti yake inajaza basi zima. Alieleza ua ulivyokuwa, mama yake alivyotwanga sombe, majani ya muhogo, asubuhi, jirani wa kabila la Wabembe aliyewaletea ndagala, yaani dagaa, na kukataa kuondoka kabla hajanywa chai. Watoto na wajukuu, wote waliokulia Kigoma, walisikiliza kama watu wanaopewa kitu chao. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja nikiangalia barabara, na sikumsahihisha wala kumwongezea neno.

Mjukuu wa kike akauliza kutoka nyuma, "Bibi, na ninyi watoto mlilala wapi?"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Wote mkeka mmoja. Na wa pembeni alilia kila siku, kwa sababu shuka haikumfikia."