Bei ya Mita Moja ya Mraba

Siku ya kufungua zabuni kila bei husomwa kwa sauti mbele ya watu wote, wala hakuna pa kujificha. Bibi Mita alikaa safu ya pili, kando ya mjomba wake mkandarasi. Jina hilo walimpa mafundi, kwa kuwa tepu ya kupimia haimtoki mkononi hata akienda harusini.

Kazi yake ni kukadiria gharama, mwaka wa kumi na moja sasa. Njia anayoiamini ni moja: kulivunjavunja jengo zima vipande, kuanzia shimo la kwanza mpaka rangi ya mwisho, na kila kipande kukitafutia bei yake. Inachosha, inakula siku nane. Safari hii, kwa madarasa haya ya shule, mjomba alimpa mbili.

"Mwanangu, si tunayo ile zahanati ya mwaka jana? Angalia mita moja ya mraba ilitugharimu kiasi gani, zidisha kwa ukubwa wa haya madarasa, ongeza kidogo maana vitu vimepanda. Basi!"

Naye, Mungu amsamehe, akafanya hivyo hivyo.

Na si mchezo. Benki ilikuwa tayari kumkopesha mjomba fedha za kuanzia kazi, dhamana ikiwa nyumba yake, ile ile aliyomlelea Bibi Mita tangu mama yake afariki. Wakipata hasara, nyumba imekwenda.

Katibu akafungua bahasha ya kwanza. Milioni tisini na nne. Ya pili, tisini na saba. Ya tatu, tisini na moja. Jasho likamteremka Bibi Mita mgongoni, maana bei yao ilikuwa sabini na mbili. Kushinda kwa milioni mbili tatu ni raha. Kushinda kwa karibu ishirini, ujue kuna kitu umekiacha nje. Kitu gani, jamani? Akaanza kuijenga upya zahanati kichwani. Paa lilikuwemo. Milango ilikuwemo. Kuta, sakafu, mabomba. Msingi je? Lo! Msingi ule, wamiliki wa zahanati waliujenga wenyewe kabla mjomba hajaitwa! Ile bei ya mita haikuwa na hata jiwe moja la chini.

"Sabini na mbili!" katibu akasoma. Ukumbi ukaguna.

"Umenitoa kimasomaso, mwanangu!" Mjomba akamkumbatia, kisha huyo, mbele, kutia sahihi ya kuithibitisha bei, mwendo wa bwana harusi.

Bibi Mita alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, leo atapigiwa makofi, na nyumba itauzwa. Alisimama hata hajui amesimamaje.

"Mjomba, usitie sahihi! Nimesahau msingi!"

Kicheko kikalipuka. Mkandarasi mmoja wa nyuma akadakia, "Basi wajengeeni mawinguni!"

Mjomba alibaki na kalamu hewani. "Msingi wote?"

"Wote, mjomba."

Hapo Bibi Mita akajua kazi hana tena. Kisha mjomba akaifunika kalamu.

"Katibu, bei hiyo tunaiondoa. Na nyie msimcheke mwanangu. Kazi ya siku nane mimi nilimpa siku mbili."

Akarudi kukaa. Akamshika Bibi Mita mkono, ule ule wenye tepu.