Jogoo wa Mkiwa

Redempta huanza na jicho. Wachoraji wengi humalizia nalo, lakini yeye, baada ya miaka kumi na minane ya kuchora kuta za watu, anajua kwamba mteja akiliona jicho mapema hutulia, akaacha kusimama nyuma yako na kuuliza kama kweli picha itafanana. Ndiyo maana asubuhi ile pale Mkiwa, kwenye njia panda, kabla hata chai haijachemka katika hoteli ya Abdulrazaki, ukuta mzima wa mbele wa hoteli ulikuwa mweupe na juu yake kulikuwa na jicho moja tu la jogoo, kubwa kama sahani.

Alikuja kwa basi la kwanza kutoka Singida Mjini, ndoo ya rangi kati ya miguu, brashi zimefungwa kwenye khanga kuukuu. Siku hizi mgongo humuuma kabla ya kazi. Watu hudhani mchoraji wa kujitegemea anashinda akichora. Redempta anashinda akipiga simu zisizopokelewa, akiazima ngazi, akibadilisha bluu iwe bluu nyingine kwa sababu shemeji wa mteja ameshauri. Akirudi kwenye fremu yake, chumba cha duka alichopanga karibu na soko, anakuta mabango ya kuchapishwa kwa mashine yamening'inizwa juu ya maandishi yake mwenyewe.

Dada yake Elizabeti, mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Ikungi, alikwisha mwambia, "Njoo tukae wote huku. Kuna kiti, kuna kivuli, na mafuta hayakuulizi kama umeyafananisha."

Redempta alimwomba asubiri huu ukuta mmoja. Mabasi ya Dodoma hupita pale mchana kutwa, na chini ya picha angeandika jina lake na namba ya simu. Kama ukuta huo usingeleta kazi nyingine hadi mwisho wa mwezi, angerudisha ufunguo wa fremu na kwenda Ikungi. Alilisema hilo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia.

Kufikia adhuhuri jogoo alikuwa na undu mwekundu, shingo ya dhahabu na kifua kilichojaa. Redempta alirudi nyuma hatua tano kumtazama. Alikuwa amechora majogoo wengi maishani, lakini huyu alimwona kuwa ndiye bora kuliko wote. Hapo ndipo alipotokea mama mzee mwembamba mwenye mtandio mweupe, akitoka uani kwenda kutawadha. Alisimama na birika lake mkononi.

"Shikamoo, bibi," Redempta alisema.

"Marahaba. Umeanza kumsalimia kuku, mimi ndiyo unanikumbuka sasa hivi."

Abdulrazaki alitoka mbio jikoni akifuta mikono. "Mama, hili ni tangazo la biashara tu."

"Biashara yako. Nyumba yangu, aliijenga baba yako tofali kwa tofali. Mimi siswali kwenye nyumba yenye kiumbe cha kunitolea macho. Pakeni chokaa."

Redempta akakaa juu ya ndoo. Alikuwa amepatana bei na mwana kwa simu, akapewa vipimo, akaja. Hakuuliza ukuta ni wa nani. Kwao Ikungi hata mtoto anajua kwamba huanzi kazi kwenye mji wa mtu kabla hujaingia ndani kumsalimia mwenyewe. Yeye alikwenda chuo miaka miwili, akafundishwa kivuli na mwanga, akarudi amesahau mlango.

Abdulrazaki alimwinamia. "Dada, huwezi kumfanya asionekane kuwa ni kuku?"

"Kaka, humu ndani mnauza nini?"

"Kuku."

Redempta aliinuka taratibu, akavua kandambili, akamfuata yule mama, Bi Mwanvua, hadi barazani, akapiga goti. Aliomba radhi kwa kupita dirishani kwa mwanawe. Hakujitetea. Alikuwa amechoka mno kujitetea, na pengine huo uchovu ndio uliomlainisha mzee.

"Kisicho na kichwa ni kama mti tu," Bi Mwanvua alisema. "Mti sina ugomvi nao."

Basi Redempta akachukua msasa. Jicho lilitoka polepole, kwanza weupe wa mwanga, kisha duara jekundu, mwisho jeusi la katikati ambalo liligoma kidogo. Mahali pa kichwa akachora ua la alizeti lililofunguka, limemkinga jogoo shingo kwenda juu.

Bi Mwanvua alirudi alasiri. "Na hizi namba?"

"Zangu, bibi. Na hilo ni jina langu."

"Liandike kubwa. Wasije wakadhani mimi ndiye niliyemkata."

Wiki tatu simu haikuita. Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, Redempta alikuwa amekwisha funga brashi zote kwenye boksi, ufunguo uko mezani, namba ngeni ilipompigia.

"Wewe ndiye Redempta wa kuku asiye na kichwa?"

"Ndiye."

"Basi zima tulibishana kichwa kiko wapi. Mmoja anasema mchoraji aliishiwa rangi, mwingine anasema keshaingia mchuzini. Mimi naitwa Miraji, nina bucha huku Sekenke. Nataka ng'ombe."

"Mwenye kichwa?"

"Mwenye kichwa, dada. Na macho yote."

Redempta alikaa kwenye boksi. Alifikiria mwendo wa kwenda Sekenke, ngazi ya kuazima, mgongo. Alifikiria kiti cha Ikungi na kivuli chake.

"Hiyo nyumba ya bucha ni ya nani?"

"Ya baba mkwe."

"Mwambie nakuja Jumatatu kumsalimia," alisema. "Rangi nitazileta Jumanne."

Akauchukua ufunguo mezani, akautia kwenye mkoba.