Alima Ndani ya Wimbo

Halima Ahmednasir hajawahi kushika jembe. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akafungua duka, na tangu hapo watu wa nyumba yao wamekuwa watu wa mkasi na uzi. Alipoolewa huku soko la Tulia, aliteremsha cherehani yake kutoka juu ya lori la mbuzi, akaiweka kwenye veranda ya duka la mumewe, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Mume alishakufa, duka amekodishiwa kijana wa kuuza simu, lakini veranda ni ya Mama Bilal, kama Halima anavyoitwa hapa. Kikamba anakiongea hivi kwamba mtu akimsikia bila kumwona anadhani ni mama wa Mbooni.

Habari ya kifo cha Nyamai ilimkuta akipinda sketi ya shule. Redio ya kinyozi ilinyamaza kidogo, halafu ikaanza kupiga nyimbo za Nyamai, moja inaisha nyingine inaingia, mtangazaji hasemi kitu. Watu wakajua. Mtu mzima na afya yake hapigiwi hivyo. Mwendesha boda boda mmoja alizima pikipiki katikati ya barabara akabaki amekaa juu yake, na gari lililokuwa nyuma halikumpigia honi. Muthoki, muuza nyanya ambaye meza yake imeshikana na veranda ya Halima, alijifunika uso kwa leso.

"Aiya, Nyamai! Si alikuwa tu hapa juzi, wakati wa mavuno?"

Halima alimaliza kupinda ile sketi. Akakata uzi kwa meno, akaikunja, akaiweka kando. Halafu mikono ikakosa kazi.

Nyamai alikuwa mtu wa Kikima. Alipiga benga, lakini gitaa lake alilifanya lingurume kama roki, na vijana walimpenda kwa ile ngurumo, wazee wakampenda kwa maneno. Kama wapigaji wengine wa benga, gitaa likianza kukimbia peke yake katikati ya wimbo, alikuwa anaita majina ya watu. Mwenye hoteli aliyewalisha, dereva aliyewabeba, shemeji fulani. Kuitwa hivyo ni heshima. Kuna watu huku wanaojulikana kwa hilo tu, mtu anaonyeshwa sokoni, yule pale, yumo kwenye wimbo wa Nyamai.

Jina la Halima nalo lilikuwamo.

Bendi ilipokuwa changa ilikuja kupiga Tulia siku ya soko. Nyamai aliinama kuunganisha waya za spika na shati lake likapasuka mgongoni kutoka kola mpaka kwapani. Hakuwa na lingine, na watu walishaanza kupiga miluzi. Akakimbia mpaka kwa Halima. Halima hakumwambia avue, wakati haukuwepo. Alimgeuza ukutani akamshona vilevile amesimama, kwa mkono, na mke wake Nzilani pembeni amemshikia gitaa.

"Unaitwa nani, mama?"

"Halima. Usisonge."

Alisonga, sindano ikamchoma. Kisha akaenda akapiga, na gitaa lilipokimbia peke yake akaita, "Alima! Alima! Alima!" Mkamba hana h mdomoni. Hassan kwake ni Asani, na Halima ni Alima.

Watu wa soko walilidaka lile jina wakaanza kuitikia, na wimbo uliporekodiwa lilikuwa limegeuka kiitikio. Hapo ndipo lilipoponyoka. Mtangazaji wa kipindi cha kilimo redioni aliusikia kwa Kiswahili. Alima, yaani huyo analima, na wewe je? Akawa anaupiga kila mvua ikikaribia. Machifu wakaupiga kwenye mabaraza. Watoto wa nasari wakaucheza wakiinua mikono na kuishusha kama wenye majembe. Nyamai alipopita tena Tulia kushonewa mashati ya bendi, alijikuna kichwa mbele ya Halima.

"Mama Bilal, ule wimbo umenishinda. Nikiwaambia ni mtu, wananicheka."

"Mimi je?"

"Wewe wanakuchekaje?"

"Zaidi."

Basi likabaki kati yao hivyo, kama mzaha wa watu wawili. Halima hakuona haja ya kugombana na watu. Mwenye wimbo alikuwa anajua, na hilo lilimtosha. Sasa mwenye wimbo alikuwa kwenye chumba cha maiti.

Kesho yake Ndolo alikuja na wenzake, vifua mbele, macho mekundu. Ndolo ni mwenyekiti wa mashabiki wa Nyamai upande wa Tulia, mwendesha boda boda mwenye sauti kubwa kuliko pikipiki yake.

"Mwaitu," alimwambia Halima, kwa vile hapa mama mzima huitwa mama yetu hata kama hakukuzaa, "tunataka mashati ya mazishi. Kama yale ya bendi. Nyeusi, kola nyekundu. Na huku nyuma," akajipiga mgongo, "jembe."

"Jembe la nini?"

"La Alima! Si unajua ile wimbo? Ukate jembe kubwa ya kitambaa nyekundu, ushone hapa, mtu akiwa ng'ambo ya bonde aione. Chini yake uandike ALIMA."

Muthoki alicheka katikati ya kilio chake. "Mwambie yako, Mama Bilal! Ndolo, hujaambiwa? Huyu anasema Alima ni yeye."

"Ni wewe nini?"

"Ni jina langu," Halima alisema. "Aliita mimi."

Ndolo alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mama, wewe ni Halima. Yako iko na H mbele. Ya wimbo haina."

"Na wewe unaniitaje kila siku?"

"Alima."

"Basi."

"Lakini mimi naiweka H," Ndolo alisema. "Sikia vizuri. Alima."

Muthoki alisikiliza kwa makini, akasema yeye hiyo H ameisikia kabisa. Wale vijana wengine nao wakakubali kwamba imo. Halima akachukua chaki na kuanza kupima mabega yao.

Alikata majembe siku zote zilizobaki kabla ya mazishi. Mpini, bapa, mpini, bapa. Mkono ulikuwa unakata na kichwa kinawaza kwingine. Mashati haya yakishaonekana Kikima, watu watapiga picha, na picha zitazunguka kwenye simu mpaka Nairobi. Hakuna atakayeuliza tena. Jina lake litakuwa jembe na litabaki jembe. Mtu mwingine aliyekuwepo verandani Nyamai akimuuliza jina, na bado yu hai, ni Nzilani peke yake. Halima aliamua ataenda mazishini, atamwomba Nzilani asimame mbele ya watu aseme neno moja, kwamba ni kweli. Hakutaka zaidi ya hapo.

Asubuhi ya mazishi alipanda lori la mashabiki pamoja na Muthoki, akakaa juu ya furushi la mashati. Nyumbani kwa Nyamai matuta ya mashamba yalishajaa watu, kila tuta kama benchi. Vijana walikuwa wamekaa na simu zao zikipiga nyimbo zake kwa sauti ya chini, kila mmoja wake, kwa hiyo ukipita katikati yao ulisikia Nyamai watano wakiimba vitu tofauti. Mzee mmoja alikuwa amevaa kofia aliyotupiwa na Nyamai jukwaani na hakutaka mtu aiguse. Ndolo aligawa mashati. Majembe mekundu yakaenea shambani.

Nzilani alikuwa ndani, amezungukwa na akina mama wa kanisa. Alipomwona Halima mlangoni aliinuka.

"Hii nguo nyeusi inanivuka. Niacheni kidogo na fundi anipindie."

Akina mama wakatoka. Nguo ilikuwa inamvuka kweli, alikuwa amekonda. Halima akapiga magoti, akaweka pini mdomoni, akaanza kuingiza nguo kiunoni.

"Unakumbuka Tulia?" aliuliza.

"Sindano ilimchoma akaruka kama mbuzi," Nzilani alisema. "Karibu niangushe gitaa."

"Basi leo sema. Mbele ya watu. Sema jina lilikuwa langu."

Nzilani aliinua mikono, pini mbili zikaingia.

"Pasta amekataa nyimbo," alisema. "Zote. Anasema benga ni ya baa, haiwezi kufunguliwa kaburini kwa mtu wa nyumba ya kanisa. Wazee wamemwomba. Mulei amemwomba, unamjua Mulei, ndiye anashika gitaa sasa. Pasta amekubali wimbo mmoja tu."

Halima alitoa pini mdomoni. "Upi?"

"Alima. Anasema huo unahimiza watu kufanya kazi."

Nje mtu alikuwa anajaribu spika, moja, mbili, moja, mbili.

"Akijua ni jina la mwanamke wa sokoni," Nzilani aliendelea.

"Wa msikiti."

"Wa msikiti! Tena aliyemshona mume wangu shati likiwa mwilini!"

Walicheka kidogo wote wawili, halafu kicheko kikaisha.

"Sikukatazi, Mama Bilal. Jina ni lako. Ukisema, na mimi nitasimama niseme ni kweli, sitakukana. Lakini atazikwa kimya. Hawa watu wote wamekuja kutoka Kitui, kutoka mjini Wote, kutoka kila mahali, na atashuka bila hata uzi mmoja wa gitaa kulia."

Halima alichukua sindano. Akashona pale palipokuwa na pini, akakata uzi, akamvuta nguo mabegani ikae sawa.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye tuta la chini. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili, na gitaa juu ya jeneza, waya wake umezungushwa shingoni. Pasta alihubiri kwa muda mrefu. Alisema marehemu alipewa kipaji na akakipeleka mahali pengi pasipofaa, na mashabiki wakaangalia chini kama watoto wanaosemwa. Kisha akainua kidole.

"Lakini upo wimbo mmoja," alisema. "Huo tu. Na kabla haujapigwa, nataka kujua kama hawa vijana wenye majembe mgongoni wanajua maana yake, ama wanataka kuruka tu."

Maiki ilikuwa karibu na Ndolo. Hakuna aliyempa, aliichukua.

"Pasta, sisi tunajua. Lakini anayejua kuliko sote ni fundi wetu, huyu mama ameshona mashati. Yuko na maneno yake juu ya hii wimbo, hata kwa lori tulikuwa tunacheka. Mama Bilal, kuja uwaambie!"

Muthoki alimsukuma kwa kiwiko. Ndolo alishuka tuta moja, akamfikishia maiki mpaka mdomoni. Watu waligeuka. Hijabu yake ilionekana vizuri katikati ya kofia na leso, na pasta alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni.

"Karibu mama. Huu wimbo ni wa nini?"

Halima alimtafuta Nzilani. Alikuwa amekaa chini ya hema, mstari wa mbele, ameshika kingo za kiti kwa mikono yote miwili kama mtu aliye tayari kusimama. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Mulei alikuwa amechuchumaa kando ya jeneza, ameshika ncha ya waya, macho yake yanatoka kwa pasta yanakwenda kwa Halima.

"Ni wa kulima," Halima alisema. Spika zililibeba neno mpaka matuta ya juu.

"Amina," pasta alisema. "Na wewe mama, unalima?"

"Nalima."

"Unalima nini?"

"Ndengu," Halima alisema.

Watu wakapiga makofi. Mtu akapaza sauti, "Alima!" na wengine wakaitikia. Pasta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo akampungia Mulei mkono. Mulei alilitwaa gitaa kutoka juu ya jeneza, akalichomeka waya, na ile ngurumo ikatoka, mbaya kidogo mwanzoni, kisha ikanyooka. Wanaume waliokuwa hawajalia tangu asubuhi walianza kulia. Nzilani aliachilia kiti.

Gitaa lilipofika mahali pa kukimbia peke yake, Mulei alisogea kwenye maiki akaita kama mkubwa wake alivyokuwa akiita. Alima! Mikono ya watu wote ikapanda na kushuka. Jeneza nalo likaanza kushushwa kwa kamba.

"Ndengu, Mama Bilal?" Muthoki alimnong'oneza sikioni, machozi na kicheko pamoja. "Wewe, hata sukuma wiki ya kupanda kwenye gunia ilikushinda!"

"Nyamaza kidogo," Halima alisema. "Nataka kusikia."