Kifaru Kilichovuka Mto

Nikipita karibu na duka la rangi, hata leo na mvi zangu, harufu ya tapentaini hunikamata na kunirudisha Kiganjo, kwenye chumba chetu cha mbele, mwezi wa saba, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Harufu ile wengine huwapa maumivu ya kichwa. Mimi hunipa huzuni, na siku nyingine maumivu ya kichwa pia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Baba alikuwa na ng'ombe wawili, mguu mbovu aliorudi nao kutoka vita vya Burma, na rafiki mmoja tu, Mzee Ramadhani, aliyeandika mabango ya maduka mjini Nyeri. Babu yake Ramadhani alikuwa Mnubi, mama yake Mkikuyu wa Tetu, na yeye alipenda kusema kwamba alipikwa sufuria moja na mji ule. Kila Jumapili, sisi tukishatoka kanisani, alifika kwa baiskeli, makopo ya rangi zilizobaki yakigongana kapuni.

Alikuja kucheza vita. Najua inachekesha, wanaume wawili wenye wake na madeni ya chumvi dukani wakicheza mezani. Lakini huko jeshini maofisa walikuwa na meza ya mchanga, wakipangia mapigano yao kwa vifaru vidogo vya mbao, magari ya vita ya ukubwa wa kiberiti. Ramadhani ndiye aliyevipaka rangi, baba ndiye aliyeifagia meza. Mchezo huo waliuiba kwa macho wakauleta nyumbani. Blanketi la jeshi lilitandazwa mezani na kukunjwa hapa na pale liwe vilima. Punje za mahindi zilikuwa askari wetu, maharagwe yalikuwa Wajapani, na kitambaa cha buluu kilikuwa mto. Mama alinung'unika kwamba vita hivyo vinamlia mahindi na maharagwe ya githeri yake.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na punje chache zilizozingirwa. Mojawapo ilikuwa Wachira, kaka mkubwa wa baba. Huyo alibaki Burma kweli, amejeruhiwa, akingoja kifaru kivuke kimtoe. Mvua ilikuwa imejaza mto, na kifaru hakikuvuka. Baba alikuwa ukingo wa huku, akaisikia sauti ya kaka yake ikimwita mpaka iliponyamaza. Hayo niliambiwa na Ramadhani. Baba mwenyewe hakuwahi kuyatamka.

Mimi nikaitwa Wachira. Kwetu, mtoto akipewa jina la mtu, haambiwi afanane naye tu; ni yule mtu amerudi. Baba aliniita "mwana wa mama," vile mtu amwitavyo ndugu yake wa tumbo moja, na wenzangu shuleni walinicheka eti mimi ni kaka ya baba yangu. Sikujali. Hata kuchapwa, nilichapwa kwa adabu.

Mwaka huo mchwa walikula kifaru cha zamani. Ramadhani akachonga kipya kutoka kipande cha mti wa kahawa, na kazi ya kukipaka rangi tukaachiwa baba na mimi. Nilitaka kiwe chekundu.

"Hapana," baba akasema. "Hiyo ni rangi ya basi."

Alichanganya kijani na masizi ya jikoni, akatia tone la manjano, akakoroga kwa kijiti mpaka rangi ikawa kama ya majani yaliyooza. Akanipa brashi ya manyoya ya mbuzi, akanishika mkono kuuongoza. "Pole pole, mwana wa mama. Pale chuma inakutana na chuma, weka giza kidogo." Pumzi yake ilinuka ugoro. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Mwisho alichota udongo zizini, akauchekecha kwa kitambaa, akauchanganya na rangi na kuupaka kwenye minyororo ya kifaru, akipima urefu kwa ukucha.

"Matope ilifika hapa," alisema. "Haikupita hapa."

Jumapili ikafika, na kwa baridi ile rangi ilikuwa bado inanata. Sheria ya mto aliitunga baba mwenyewe: kifaru hakivuki ila dadu ilete sita, halafu sita tena papo hapo. Sikuwa nimewahi kuona ikitokea. Kila mara kifaru kilikwama ukingoni, baba akatikisa kichwa, akasema, "Maji ilikuwa mingi," na ilikuwa kama amepata dawa yake ya wiki.

Siku hiyo Ramadhani akamwambia, "Ndugu yangu, leo wacha Wachira arushe mwenyewe. Si ni yeye ako huko ng'ambo?"

Baba akanisogezea dadu.

Nilirusha. Sita. Nikarusha tena, ikazunguka kwenye kilima cha blanketi, ikatulia. Sita. Niliruka juu, nikakisukuma kifaru kwenye kitambaa cha buluu mpaka kikagusa zile punje.

"Nimeokoka, Baba! Nimeokoka!"

"Alhamdulillahi!" Ramadhani akapiga makofi.

Baba hakupiga makofi. Alikitazama kifaru kule ng'ambo. "Kumbe ingevuka," akasema, pole pole sana. "Kumbe ilikuwa inaweza."

Alikiinua, na kidole gumba chake kikaacha alama kwenye rangi mbichi. Ramadhani alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nilitaka upumzike." Baba akamjibu, "Najua." Alikunja blanketi, akakusanya punje na maharagwe, akampelekea mama, na jioni tukala jeshi lote.

Hawakucheza tena. Ramadhani aliendelea kuja, wakazungumza habari za mvua na maziwa. Na tangu siku hiyo baba hakuniita tena mwana wa mama. Aliniita Wachira, kama mwalimu anavyoita majina. Nilidhani nimemuudhi kwa kushinda, nikalia zizini ng'ombe wakinitazama.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa ile sheria ya sita mbili. Baba hakuwa akitafuta kushinda. Alihitaji mto ule usivukike, Jumapili baada ya Jumapili, ili aweze kula na kulala. Mimi, kwa furaha yangu yote, nilimvusha kaka yake mbele ya macho yake, na baada ya hapo kila aliponitazama alimwona mtu ambaye pengine angeokolewa.

Miaka mingi baadaye nilikaa kando ya kitanda chake hospitalini. Hakuwa akitambua watu. Alinishika mkono, akanitazama sana.

"Mwana wa mama," akasema, "maji imepungua?"

Nilikuwa nimelingoja jina hilo tangu utotoni.

"Imepungua," nikamwambia. "Vuka tu."

Kifaru ninacho mpaka leo. Ile alama ya kidole haijafutika, na sijakipaka rangi nyingine.